Keki ya Tarehe Ishirini na Nane

Kokushubila alivishwa taji la karatasi saa nne asubuhi ya tarehe ishirini na nane. Saa nne na dakika mbili taji hilo lilikuwa limekaliwa, na aliyelikalia ni yeye mwenyewe, kwa makusudi, kwa uzito wake wote wa miaka sabini. Msichana wa mapokezi aliyemvisha alibaki amesimama na tabasamu la kazini, hajui acheke au aombe radhi. Mwenye taji alimpima kuanzia kandambili mpaka kope za bandia, akamwuliza kwa Kihaya yeye ni binti wa nani. Msichana akasema hasikii Kihaya, yeye ni wa Shinyanga. Kokushubila akamjibu kwa Kiswahili kwamba basi arudi kazini kwake, akageuza kiti akatazama ziwa.

Mahali penyewe paliitwa Raha Nyanza, bustani ya michezo iliyofunguliwa juzijuzi ufukweni, ukitoka Bukoba mjini kuishika barabara ya Muleba. Bembea zipo. Treni ya watoto ipo, inazunguka mti mmoja kutwa nzima. Kuna majumba ya mpira yaliyojazwa upepo, na kuna bwawa lenye mtelezo wa buluu, wakati ziwa zima liko pale pale hatua hamsini na wala halina kiingilio. Kuna vijumba vya kulala wageni vilivyopewa majina ya wanyama. Kisha kuna kipaza sauti, na hicho ndicho balaa lenyewe. Yeyote anayelala pale akiwa na siku yake ya kuzaliwa, au ya ndoa, au mtoto wake kafaulu mtihani, hutangazwa tangu chai ya asubuhi, anapigiwa wimbo, anavishwa taji, na watu asiowajua wanampigia makofi wakiwa na mikate midomoni.

Desemba Wahaya wa Dar es Salaam hurudi nyumbani, na hawarudi mikono mitupu. Hurudi na magari, na miwani, na maoni. Avit, mwanawe wa kwanza, ofisa wa bima, nshomile kamili, yaani msomi wa kujionyesha, wa kusema "kimsingi" kabla hajapumua, alifika Kashozi tarehe ishirini na sita na magari mawili, akamkuta mama yake anapalilia migomba, akamwambia aoge, wanakwenda likizo. Siku tatu, vyumba vimeshalipiwa, na tarehe ishirini na nane ni sherehe ya mama kutimiza miaka sabini. Kokushubila akauliza nani atabaki na kuku. Jirani ameshapangiwa. Akasema ana mafua. Akaambiwa asijali, gari lina kiyoyozi, jambo ambalo kwa mwenye mafua ni tusi.

Daftari la sherehe lilishikwa na Lilian, mke wa Avit, Mhaya wa Miembeni aliyekulia mjini na ambaye Kihaya chake kiliishia kwenye salamu. Kokushubila hakuwahi kumpenda na hakuwahi kuficha. Huyu ndiye aliyemfundisha mwanawe kula tambi. Huyu ndiye aliyemwita "Mama mkwe" mbele ya watu kama anasoma bango. Tangu walipofika alikuwa anamfuata mama wa watu kutoka kijumba mpaka kijumba na kalamu, anamwuliza rangi gani anaipenda, anataka wimbo gani, picha ya zamani iko wapi ichapwe juu ya keki. Kokushubila alimjibu kwamba mtu aliyezaliwa vizuri hali uso wake mwenyewe.

Chakula nacho, aibu. Wali, chipsi, kuku aliyekatwa vipande visivyojulikana ni vya wapi. Ndizi zilikuwapo, nne, za kukaanga, zimepangwa pembeni ya sahani kwa ajili ya kutazamwa. Kwake Kashozi ndizi hufunikwa na majani mpaka zinalainika, zinaletwa na maharage, mtu anakula anashiba na anajua kwamba ameshiba. Wajukuu walikuwa wakinong'onezana juu ya ndoo za maji, maana siku hizi mwenye siku yake ya kuzaliwa ni lazima amwagiwe. Bibi yao akawaita mmoja mmoja, akawaambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba atakayemmwagia maji atarudi Dar bila masikio. Ndoo zikarudishwa bafuni.

Mtu angeweza kudhani ni uzee, au mafua, au ndizi. Hapana. Ni tarehe.

Kokushubila hakuijua siku aliyozaliwa, wala hakuona upungufu wowote. Enzi zake watu walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au msimu ule senene, wale panzi wa kuliwa, walipojaa mpaka ndani ya vyungu, maisha yakaendelea. Kadi yake ya ubatizo ilikuwa na mwaka wa kukisia na tarehe moja tu inayosomeka, ishirini na nane Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, siku aliyobatizwa akiwa na miaka kama sita. Avit alipomshughulikia kitambulisho cha taifa aliitazama kadi, akaikuta tarehe, akaijaza penye siku ya kuzaliwa. Hakuuliza. Kuanzia hapo kila mwaka tarehe hiyo simu ikawa inalia Kashozi: hongera Mama, Mungu akujalie miaka mia. Kokushubila anasema amina, anakata, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake.

Sasa sikia kilichotokea siku hiyo, maana watoto wake hawakuwahi kuambiwa.

Baba yake, Rutaihwa, alikuwa na kibanja kizuri, shamba la migomba la ukoo, upande wa Nshamba, Muleba, na wake wawili. Mke mkubwa alikuwa mama yake Mutalemwa. Mke mdogo alikuwa Kokuhirwa, mama yake Kokushubila. Rutaihwa alipotaka ubatizo alijua kwamba Mkristo anaingia na mke mmoja, basi akachagua. Asubuhi ya tarehe ishirini na nane walibatizwa wote, yeye, mke mkubwa na watoto wa nyumba zote mbili, na ndoa ikafungwa hapo hapo. Kokuhirwa ndiye aliyemwogesha binti yake alfajiri ile, akampaka samli, akamvalisha gauni jeupe la kuazima, akamwambia aende, atamkuta. Mtoto akarudi na jina jipya, Alistidia, akakimbilia kwa mama yake kumwambia. Akakuta mafiga yameng'olewa na majivu yamezolewa. Uani watu walikuwa wanakunywa lubisi, pombe ya ndizi, ya harusi. Alipouliza mama yuko wapi, mke mkubwa alimwambia mama yako ni mimi. Alilia mpaka akalitapikia lile gauni, akachapwa kwa kuharibu nguo ya watu.

Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa aliyokuwa akipigiwa makofi.

Kokuhirwa alirudishwa kwa kaka zake, kaka zake wakasema hapatoshi, akaishia kwenye kibanda huko rweya, ile nyika ya majani nje ya vibanja ambako mgomba hauoti na mtu mwenye kwao hazikwi. Alikufa huko Kokushubila akiwa ameshaolewa Kashozi, na aliyemzika ni binti huyo huyo pamoja na majirani watatu. Agosti ya mwaka ule kipande kile cha rweya kilipata mwenyewe, mtu wa kupanda misonobari. Alikuwa muungwana, alimtafuta Kokushubila mpaka akampata, akamwambia kaburi lihamishwe kabla Januari haijaisha, kwa sababu Februari trekta linaingia.

Ndipo Kokushubila akaenda kwa Mutalemwa. Yeye ndiye mrithi wa kibanja cha Rutaihwa, yeye ndiye wa kusema nani azikwe kati ya migomba ile na nani asizikwe. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alikaribishwa ndani, akaletewa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna ambazo hakuna mgeni wa Mhaya anayenyimwa, akaambiwa litafikiriwa. Mara ya pili akaambiwa wazee wa ukoo hawajakaa. Mara ya tatu akamwani haikutoka. Mutalemwa alimjibu akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, mtu asipite.

"Kibanja cha Tata Rutaihwa si jalala la wanawake waliorudishwa," akamwambia.

Mwanamke huyu alitembea kutoka pale mpaka barabarani hajui anakanyaga wapi. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka sitini na minne, na ilikuwa mbichi. Alichokitaka ni kitu kimoja tu duniani, mama yake apate pa kulala pasipo na trekta. Na zilikuwa zimebaki wiki tano.

Sasa fikiria jioni ya tarehe ishirini na saba, chini ya mwavuli wa majani, Lilian amefungua daftari anasoma ratiba kwa furaha zake zote. Saa saba wageni kuketi. Saa saba na nusu sala. Saa nane neno kutoka kwa mgeni wa heshima, Mjomba Mutalemwa, kaka pekee wa mama aliye hai, ambaye Avit amemtumia gari.

Kokushubila aliacha kutafuna. Akamwita Avit pembeni, karibu na ile treni, akamwambia mtu huyo akifika yeye anaondoka, hata kwa miguu. Avit akacheka kidogo, cheko la kumtuliza mgonjwa. Akasema kimsingi mjomba ni mjomba, kwamba mambo ya udogoni ni ya udogoni, kwamba watu wametoka Dar na Mwanza kwa ajili yake, na asiwaaibishe. Mama yake akafungua mdomo amwambie yote, kuanzia gauni mpaka rweya. Simu ya Avit ikaita. Avit akainua kidole kimoja, subiri Mama, akaipokea, akaenda zake akizungumza juu ya maturubai. Kokushubila akafunga mdomo. Kama mwana hana nafasi ya kumsikia mama yake, basi tena.

Siku yenyewe jua liliwaka vizuri, la kinafiki. Wageni walifika kama sitini. Mshereheshaji alikuwa kijana wa Kagondo anayeitwa Datius, koti linang'aa, sauti inamtangulia. Kwanza akawatangaza wengine wa siku hiyo, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa analia ndani ya jumba la mpira, na mume na mke kutoka Mwanza wenye miaka kumi ya ndoa ambao hawakuwa wanasemeshana. Kisha akamfikia "bibi yetu kipenzi," muziki ukapanda, na Kokushubila akaingizwa kati ya mistari miwili ya watu wanaopunga leso, amevaa gauni la dhahabu alilochaguliwa, uso umefungwa kabisa. Wapiga picha walimwomba atabasamu. Akawatazama mpaka wakahamia kwa wajukuu.

Mutalemwa alifika akiwa ndani ya suti, na fimbo yenye kichwa cha shaba, akaketishwa ubavuni kwake kwenye meza kuu. Ana miaka sabini na mitatu, na anajua kukaa kwenye meza kuu. Aliwapungia watu, akakubali kinywaji, kisha akamwinamia dada yake kama mtu anayempongeza.

"Za rweya nisizisikie leo," akamnong'oneza. "Tabasamu, tunapigwa picha."

Kokushubila alikuwa anatafuta kwa macho njia ya kutokea, na njia ilikuwa imezibwa na keki. Keki yenyewe ghorofa tatu, nyeupe, na juu yake uso wake wa ujana unamtazama. Alikuwa ameshaamua kwamba wakianza kula atainuka aende chooni, na kutoka chooni aende barabarani, apande pikipiki mpaka Kashozi, wabaki na keki yao. Angefanya hivyo, nami ningemsifu. Lakini kabla ya keki Mutalemwa akapewa kipaza sauti, na binadamu mwenye majivuno akipewa kipaza sauti hakai nacho salama.

Alizungumza vizuri, hilo tusimnyime. Alisimulia jinsi Tata Rutaihwa alivyopokea imani tarehe kama ya leo, jinsi nyumba nzima ilivyotoka kanisani inameremeta, na jinsi dada yake huyu alivyokuwa amevaa gauni jeupe kama malaika. Akasema siku hiyo ndiyo walipokuwa nyumba moja yenye mama mmoja. Watu wakasema amina. Utamu ukamnogea. Akasema kwao hakuna mtoto wa huku wala mtoto wa kule, wote ni damu ya Rutaihwa. Kisha, kwa kuwa Avit alikuwa anampigia makofi amesimama, akainua fimbo yake juu.

"Alistidia ni binti halali wa kibanja kile," akasema. "Mlango uko wazi kwake siku zote. Akiwa hai, akiwa mfu, kwao ni kwao!"

Makofi, vigelegele, Datius akapandisha muziki. Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, nao hawakukosea. Kokushubila, aliyekuwa amekwisha kushika pochi yake tayari kuondoka, aliiweka chini. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe Raha Nyanza alikaa sawasawa kwenye kiti.

Ikafika keki. Unaijua desturi yetu: mwenye sherehe anakata, halafu anawalisha watu kwa mkono wake, mmoja mmoja, kwa ngazi za heshima, na mpiga picha anangoja kila mdomo. Datius akamwita wa kwanza, mjomba, mrithi wa nyumba. Mutalemwa akaja taratibu, akainamisha kichwa, akaachama. Kokushubila alikuwa ameshika kipande kwenye kijiti. Badala ya kukipeleka mdomoni mwa mtu, akanyoosha mkono wa pili kwa Datius akaomba kipaza sauti. Datius akadhani ni shukrani, akampa.

Akawauliza wageni kama wamemsikia kaka yake. Wakasema tumemsikia. Akawauliza tena kama wote wamemsikia, na wa nyuma pia, na wakasema ndiyo, wakicheka.

"Basi mimi nikifa msinizike Kashozi," akasema. "Nipelekeni Nshamba, kwenye kibanja cha Rutaihwa. Mwenyewe kashasema mlango uko wazi. Pale Kashozi ubavuni kwa mume wangu Kyaruzi nilipowekewa mahali, mwezi huu unaokuja namlaza mama yangu."

Kicheko kikakatika. Watu wengi hawakujua kwamba alikuwa na mama mwingine. Akawaambia. Hakutumia maneno mengi wala hakulia. Akawaambia tarehe wanayoishangilia ni tarehe ambayo Kokuhirwa alifukuzwa ili watu waoane, kwamba gauni jeupe lile alilitapikia, kwamba mama yake yuko rweya na trekta linakuja, na kwamba malaika huyu wa meza kuu amemrudisha mikono mitupu mara tatu. Avit, jasho linamtoka, akampa ishara kijana wa muziki apandishe sauti. Kijana akanyoosha mkono kwenye mashine. Lilian akafika kabla yake. Aliweka daftari lake juu ya vitufe, kisha akaweka na mkono juu ya daftari, akamwambia mumewe mbele ya wote kwamba mama anazungumza. Kokushubila aliona. Hakumshukuru, lakini aliona.

Avit akaja mbele. Masikini, alikuwa ameanza kulielewa jambo na hapo hapo alikuwa analikataa. Akamwambia mama yake kwa Kihaya, kwa sauti ndogo, kwamba haiwezekani, kwamba wazee wa Kashozi watamlaani, kwamba mtu na mama mkwe wake hawakai hata mkeka mmoja, sembuse kulazwa ubavu kwa ubavu ardhini. Na hapo alisema kweli. Marehemu Kyaruzi alipokutana na mkwewe huyo njiani alikuwa anaingia shambani kwa watu apite mbali, kwa heshima. Wazee waliokuwa karibu wakatikisa vichwa.

Kokushubila akamjibu kwa kipaza sauti. "Utapanda mgomba katikati yao. Wakionana uso kwa uso, lawama niachie mimi."

Mama mmoja wa Kiluteri, shemeji wa mtu, akacheka kwa nguvu akajiziba mdomo. Mutalemwa alikuwa bado amesimama pale pale mbele ya keki, kamera zinamtazama, hajui afunge mdomo au auache wazi. Uso ulikuwa umemjaa damu. Akamsogelea dada yake mpaka akaegemea meza.

"Ukifa hutakuwa na mdomo," akasema kwa sauti ya kusikika na wao wawili tu. "Tutaona nani atakupokea."

Kokushubila akakipeleka kipaza sauti mdomoni pake bila haraka.

"Anasema nikifa sitakuwa na mdomo," akawatangazia. "Avit. Wewe utakuwa nao?"

Avit alimtazama mjomba wake, mgeni aliyemtumia gari. Akawatazama wafanyakazi wenzake wa bima waliovaa fulana zenye picha ya mama yake. Akamtazama mama yake, na labda hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Alichukua muda mrefu mno, hata Lilian akainamisha uso.

"Nitakuwa nao, Mama," akasema.

"Sema na jina la mahali."

"Nitakupeleka Nshamba. Mjomba akifunga mlango nitakulaza mlangoni."

Ndipo Kokushubila akakipeleka kile kipande cha keki mdomoni mwa Mutalemwa, akakisukuma mpaka kijiti kikagonga jino. Watu sitini wanatazama, kamera tatu, na mzee ana sifa zake mjini. Angetema, wangesema kamkana dada yake dakika kumi baada ya kumwinulia fimbo. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu, macho hayatoki kwa Kokushubila, na yalikuwa macho ya mtu ambaye hatasamehe. Akameza. Watu wakapiga makofi kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine, na Datius, mtoto wa kazi, akamwita anayefuata.

Mutalemwa hakusubiri pilau. Alikataa gari la Avit, akaondoka kwa pikipiki na suti yake, na tangu siku hiyo salamu kati ya Nshamba na Kashozi zimekufa. Wazee wa Kashozi nao walikuja mara mbili kumwonya Avit. Mara ya pili Avit alikuwa ameshaagiza jeneza dogo, akawaambia waje siku ya maziko kama wanataka, na kama hawataki wasije.

Kokuhirwa alihamishwa wiki ya tatu ya Januari. Walimchimbua kwa mikono, mwenye misonobari akasimama pembeni amevua kofia, na kilichobaki cha mwanamke mzima kikaingia kwenye sanduku ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba. Padri alikuja akasali. Mgomba ukapandwa, kichipukizi cha urefu wa magoti, kati ya mkwe na mkwe. Lilian alikuwa amebaki, hakurudi Dar na wenzake. Alimwaga ndizi kwenye jani vibaya, bado mbichi katikati, na Kokushubila akazila akamwambia ni mbichi.

Watu walipoondoka, kabla jua halijazama, Kokushubila alibaki pale peke yake. Alimsalimia mama yake kama mtoto anavyomsalimia mzazi, kwa magoti yote mawili, akamwambia hapa hakuna wa kukuondoa. Furaha ya neno hilo ilimjaa kifua kizima. Kisha akageukia upande wa pili wa mgomba, kwa Kyaruzi.

Kyaruzi alikuwa mume mwema. Katika miaka arobaini ya ndoa hakumtupia hata mara moja neno la kwamba yeye ni mtoto wa mwanamke aliyerudishwa, ingawa alijua, na walipogombana sana ndipo alipolikwepa zaidi. Tangu azikwe, mkewe alikuwa anapita pale kila jioni akiwa na jembe begani na kumwambia neno moja tu, nakuja. Alikuwa analisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayemwambia mwenzake aliyetangulia kulala.

Jioni ile alifungua mdomo alitamke, halikutoka. Hasira iliyomshikilia tangu Agosti ilikuwa imekwisha, na mahali pake hapakuwa na kitu cha kumshika. Atalala Nshamba, kati ya baba yake na mke mkubwa, na Mutalemwa akifa ataletwa alazwe karibu nao. Ni yeye mwenyewe aliyepigania apelekwe huko, mbele ya watu sitini, na alimwapisha mwanawe. Akakaa chini kwenye udongo mbichi, mkono wake umewekwa upande wa mumewe, akamwomba msamaha mpaka giza likaingia.